Wasifu wa Bi. Dama Dzoro, Mkuu wa Zamu Aliyekataa Kutia Sahihi

Bi. Kate Dama Dzoro, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Rabai tarehe 11 Machi 1961, binti wa pili wa marehemu Mzee Dzoro. Ubishi alizaliwa nao. Babake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hata akikubali hukubali kwa kubisha, na mliomjua hamtakataa.

Alisoma Rabai hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1979. Mwaka 1982 alihitimu mafunzo ya redio za baharini hapa Mombasa, akaajiriwa na kampuni moja ya boti pale Mbaraki, akapanda hadi kuwa mkuu wa zamu katika chumba cha redio.

Alifunga ndoa na Bw. Jeremy Chonga, mfanyakazi wa reli, tarehe 5 Desemba 1987. Ndoa hiyo nusura isiwepo. Jeremy alimwalika matembezi ya ufukoni kule Mama Ngina, akamwambia wakutane "pale penye mihogo." Wauza mihogo Mama Ngina ni wangapi? Walitafutana jioni nzima, kila mmoja akiamini amekimbiwa. Walipoonana kesho yake, Dama alimwambia, "Mahali pasipo kipimo ni uvumi, Jeremy. Siku nyingine nambie penye mihogo ya nani." Tangu hapo Mzee Jeremy huelekeza watu vizuri sana.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo wengine wangependa tulipite. Alasiri ya tarehe 14 Juni 2011, kwa mvua na upepo mkali, boti ya Nahodha Elvis Chirau iliingia maji nje ya lango la bandari. Baharini mahali husemwa kwa njia mbili: wengine huigawa dakika kwa sekunde, wengine huiandika kwa nukta. Nahodha alisema kwenye redio, "Nyuzi nne, dakika tatu nukta hamsini, kusini," yaani dakika tatu na nusu. Karani wa zamu akaandika dakika tatu na sekunde hamsini. Nusu dakika ni sekunde thelathini. Zile ishirini za ziada ziliipeleka boti ya uokozi mita mia sita kusini mwa watu waliokuwa wakizama. Baharia mmoja aliokolewa baadaye. Nahodha alipatikana amekwisha kufa.

Karani alikiri siku ile ile. Dama hakumtaja jina maisha yake yote, wala sisi hatumtaji. Lakini kampuni iliona heri lawama imwendee asiyeweza kujibu. Ripoti ikasema nahodha alitoa mahali pasipo sahihi, na mkuu wa zamu akatakiwa aiunge mkono kwa sahihi yake.

"Bi. Dama, tia tu, mambo yaishe," meneja alimwambia. "Mwenyewe hayupo tena."

"Ndiyo maana sitii," alijibu. "Maiti hana mdomo. Mimi ninao."

Wakamhamishia stoo, kugawa kamba na rangi, na huko alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2021. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kila mkurugenzi mpya alipoingia, Dama alimbishia hodi kuhusu nahodha. Wakurugenzi walibadilika, hodi haikubadilika. Mjane wa nahodha, Mama Kanze, alipotupiwa maneno sokoni Marikiti kwamba mumewe ndiye aliyezamisha boti, Dama alikwenda kusimama kando yake na kuwajibu. Inatuuma kusema kwamba hakuishi kuona ripoti ikirekebishwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alifariki tarehe 2 Februari 2025, Jeremy akiwa kando ya kitanda. Alikuwa ametuagiza, "Yaandikeni haya kwenye wasifu wangu. Msiponisomea hayo, msinisomee kitu." Juzi mjumbe wa kampuni alikuja kutuomba kwa upole tuyatoe, eti matangani si mahali pake. Dadake marehemu, Kadzo, akamjibu, "Matanga ni yetu, baba. Chai hiyo, kunywa."

Dama ameacha mume, Jeremy, watoto, Bonface na Zilpah, wajukuu watano, na dadake, Kadzo. Wageni kutoka kampuni, asanteni kwa shada la maua. Jumatatu tutakuja ofisini.

Na wewe Mama Kanze, uliyeketi hapo mbele, sikia, na watu wote wasikie: mumeo alisema alipo, na alisema sawasawa. Mungu amlaze Dama kwa amani, na Elvis naye.