Majivu Mlangoni na Sambaza za Maman Nzigire

Mnanisumbua bure. Mnataka niwasimulie ile habari ya filamu ya vivuli, kama vile Kamembe nzima hakuna mwingine mwenye mdomo. Waulizeni wanaume waliokuwa kwenye benchi siku ile! Hawatawaambia, wanaona haya. Basi nitasema mimi, na nitasema mara moja tu. Benchi langu la kahawa linaegemea nyumba ya video, na ukuta wa nyumba hiyo ni mabati matupu, kwa hiyo sina haja ya kulipa kiingilio. Kila neno la mikrofoni ya Bizimana hunifikia hapo hapo nilipo. Bizimana ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu kwa mdomo: waigizaji wanaongea lugha zao za mbali, naye anapaza sauti juu yao na kutuambia nani amesema nini. Jumamosi ile alionyesha filamu ya kutisha, ya wakati wa wakoloni. Mzungu wa shamba la pamba anawanyonya watu vivuli, anavifunga kwenye magunia, na muntu akikosa kivuli anakufa. Humo ndani kuna kikongwe mwenye shingo iliyopinda, anapita kijijini akipaka majivu kwenye milango. Kikongwe alipotokea, Bizimana akacheka kwenye mikrofoni: “Muone huyu murozi, mchawi wa sumu! Si njo Maman Nzigire wa sambaza?” Watu wakacheka mpaka mabati yakalia.

Maman Nzigire ni mjane kutoka Bukavu, anauza sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Shingo yake ilipindishwa na beseni la kichwani, si na shetani. Lakini Jumatatu hakuuza. Jumanne hakuuza. Mtoto wa jirani akaumwa tumbo, wakamtazama yeye. Kwenye matanga ya jirani Kayitare sahani ya samaki aliyopeleka ikarudi imejaa. Alhamisi mkuu wa soko akamwambia wanunuzi wanauogopa upande ule, kesho ahame.

Alhamisi hiyo hiyo, mchana, wanaume wenyewe walikuwa kwenye benchi langu. Habineza tunamwita Duwane, yaani forodha ya mpakani, kwa sababu alibeba mizigo ya watu darajani mpaka mgongo ukakataa. Cubaka ni Antena, anatengeneza redio. Muderhwa ni Avoka, anabishana kama yuko mbele ya jaji, na shule aliikimbia darasa la pili. Bizimana mwenyewe alikaa katikati, anakoroga sukari.

— Mukecuru, bibi yetu, ongeza kahawa, akasema Antena. Ile filimu inanikula kichwa.

— Itakula nini humo? nikamwambia.

Duwane akakohoa. Akikohoa, ujue anataka kufundisha.

— Ile haiko filimu ya uchawi. Iko filimu ya kodi. Baba yangu alichapwa kiboko juu ya pamba. Mzungu anakutwanga jua lote, unarudi nyumbani hauko muntu tena. Njo kivuli hicho.

— Na bibi wa majivu?

— Huyo ni karani wa mzungu! Anatia alama nyumba za kulipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo inaingia wapi hapo?

— Inaingia popote, mukecuru. Ni methali ya bakubwa.

— Kodi, kodi! akaruka Antena. Kivuli ni sauti ya muntu. Bazungu balikuwa banatafuta sauti za kuweka ndani ya redio. Miye nafungua redio kila siku. Uniulize: lile vumbi la ndani ni la nani?

— La nyumba yako, haifagiliwi.

— Mucheke tu. Bibi anapaka majivu ili mzungu ashike vizuri nyumba ile. Majivu njo antena!

Avoka alikuwa anangoja wachoke. Sasa akasimama, akafunga kifungo cha koti.

— Nyinyi wote bajinga. Kile kilima cha kwenye filimu nilikitambua. Ni Gikundamvura! Filimu ilipigwa hapa hapa kwetu. Na yule bibi haigizi. Muangalie shingo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na shingo.

— Maman Nzigire alienda kuigiza lini? nikauliza. Si yuko sokoni kila siku?

— Mchana yuko sokoni. Je, usiku?

Duwane akasema “Ee!” taratibu, kama aliyeonyeshwa nyoka. Bizimana akacheka. Hapo damu ikanipanda.

— Weye Bizimana, unacheka nini? Kesho mama wa watu anafukuzwa sokoni juu ya mdomo wako.

— Mukecuru, ilikuwa mchezo. Batu balicheka. Kazi yangu ni kuchekesha.

— Hapa Rwanda, baada ya yale ya redio, unaniambia maneno ya mikrofoni ni mchezo? Mbele ya mvi hizi?

Avoka akaangalia viatu vyake.

— Lakini filimu yenyewe njo ilisema ni murozi, akanung'unika Bizimana. Miye natafsiri tu.

— Unajua lugha yao?

— Kuna maandishi ya Kifaransa chini.

— Uliyasoma?

— Yanakimbia, mukecuru.

— Uliiangalia mbele ya kuionyesha?

— Nani ana muda wa kuangalia filimu mara mbili? Inatembea, nami natembea nayo.

Pembeni ya benchi alikuwa ameketi mama mmoja, Mukabalisa, akingoja minibasi ya Nyakabuye. Alikuwa amekunywa kahawa yake polepole. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, bapapa. Miye sikuiona hiyo filimu. Zile nyumba zilizopakwa majivu, alikufa nani ndani yake?

Duwane akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Si yule... yule kijana wa ngoma! akasema Antena. Hapana. Yule alimfukuza bibi. Alisema asimchafulie mlango.

— Bibi harusi, akasema Avoka.

— Mlango wa bibi harusi ulikuwa safi. Mama mkwe aliuosha.

— Yule mwenye batoto mapacha?

— Nyumba yake ilikuwa na majivu. Asubuhi balitoka bote, na vivuli vyao. Si unakumbuka balikuwa banacheza navyo?

Wakatafuta maiti katika filamu nzima, mmoja mmoja. Kila maiti ililala nyuma ya mlango safi. Minibasi ikapiga honi, Mukabalisa akaenda zake.

Nikasimama na birika mkononi. Nilitaka kuwamwagia, lakini kahawa haina kosa.

— Yule kikongwe alikuwa akiwalinda watu! Mzungu anasimama pale na gunia lake, meno nje, nanyi mnamwogopa mama mwenye majivu. Hivyo hivyo ndivyo wakoloni walivyotaka: tuwaogope bibi zetu, wao wapite. Macho mlikuwa nayo. Mlimwachia Bizimana awaangalilie kwa mdomo!

— Basi alipe, akasema Avoka upesi, kama vile yeye hakuitaja shingo. Kreti moja ya bia, tunywe wote, maneno yaishe.

Bizimana akakubali mbio. Kreti ni rahisi. Jioni ile tuliifuata kreti mpaka kwa Maman Nzigire, wanaume mbele, mimi nyuma na fimbo yangu. Alikuwa anafunga beseni kwa kitambaa. Alisikiliza yote, hakulia, hakuwakaribisha kukaa.

— Bia mutakunywa nyinyi, akasema. Samaki yangu atakula nani?

Wakaiweka kreti chini.

Kwetu huku anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakuna sumu. Ni heshima. Lakini wiki ile wachache waliosimama kwenye beseni lake walimwambia aonje samaki wake mwenyewe, hadharani, halafu hawakununua. Hilo ndilo lililomchoma.

— Utaonja weye, akamwambia Bizimana.

— Maman, sambaza zinanichefua tangu utoto. Harufu tu...

— Kesho asubuhi. Na ulete mikrofoni.

Alikuja. Mbele ya mkuu wa soko na wauza nyanya wote alisema kwamba hakusoma, hakuelewa, na jina la mama huyu alilitia yeye mwenyewe. Halafu akatafuna, kichwa na mkia, machozi yakimtoka. Mkuu wa soko akasema mama abaki mahali pake. Bizimana akadhani amemaliza.

Hakumaliza. Mnunuzi mmoja akataka aonje tena, wa pili naye, na hivyo kila asubuhi mpaka mvua za masika zikapita. Kwenye video nako, akishika tu mikrofoni, watu wanapiga mabati: “Umeiangalia?” Ikambidi akae peke yake na kila filamu toka mwanzo hadi mwisho, bila kicheko cha mtu, kabla ya kuthubutu kuitafsiri.

Siku moja, shavu limejaa, alimwuliza Maman Nzigire kama amemsamehe.

— Tafuna, akamwambia. Batu banaangalia.