Mwalimu Ndoo Anaondoka, na Bomba Nimelifunga

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mwalimu Ndoo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha wauguzi wa chuo chetu jinsi mwili unavyofanya kazi. Ofisi ilitafuta msomi wa kuandika habari zake. Nikakataa. Naandika mimi, fundi bomba, maana ndoo iliyompa jina hilo niliitoboa kwa mkono wangu huu.

Akiwa bado mgeni alikuja karakana kuuliza kama naweza kumtengenezea seli ya ubongo. Nikamjibu kwamba ubongo sijawahi kuuziba, lakini hakuna kinachonishinda.

Ndoo niliyomtengenezea ina tundu dogo la kuvujia. Juu kuna mstari mwekundu na boya. Maji yakifika mstarini, boya linawasha kengele. Chini ya boya niliweka bomba la kutolea maji. Wanafunzi wanaomimina maji kwa vikombe ndio seli jirani zinazochochea. Mwenye bomba ndiye anayezuia. Wakimimina mmoja mmoja kwa kujivuta, maji yanavuja na kengele kimya. Wakimimina kwa pamoja, inalia! Na mlio ni ule ule, maji yafike mstarini tu au yamwagike. Seli haina nusu kelele.

Bomba alinikabidhi mimi, akisema chuo kizima hakuna ajuaye kukataa kama mimi. Darasa zima lilimimina, nikafungua bomba, kengele ikanyamaza. Mtu mmoja! Wanafunzi wakanung'unika kwamba mzee anawaharibia somo. Mwalimu Ndoo, ambaye hupenda kuuliza kuliko kujibu, akafunga bomba, akanitoa nje, akawaambia waendelee. Kengele ikalia, ikalia, haikomi, hadi wakaziba masikio. Akawauliza ni nani anataka kichwa cha namna hiyo. Hapo ndipo somo la kifafa lilipoanza, nami nikarudishwa kwa heshima.

Sasa sikilizeni. Dada yake mkubwa, mjane ambaye macho yamefifia, anamngoja siku nyingi wakae pamoja. Mara mbili Mwalimu alitaka kwenda. Dada alimhimiza, wanawe walimhimiza, hata daktari wa mgongo wake. Mara zote mbili nikaenda darasani kwake kumwambia bado ana nguvu, na ndoo atamwachia nani? Akabaki. Wao walikuwa wengi, mimi nilikuwa karibu na kengele.

Mwezi uliopita huyo dada akapiga simu karakana, akauliza kama mimi ndiye bomba. Nikasema ndimi. Akasema, "Basi funga, fundi. Na mimi nataka mtu wa kuzeeka naye."

Mimi si mtu wa kuamrishwa kwa simu. Lakini nimefunga.

Mwalimu, chuo kinakushukuru, na karakana zaidi. Kaa salama na dada yako, msomee magazeti, mcheke pamoja hadi mbavu ziume. Ijumaa kengele yako na ilie. Mkono wangu nimeutia mfukoni.