Mzee Nikatie, Fundi wa Maturubai, na Kisu Chake

"Miaka kumi na miwili mnanitafuna kama muwa! Nikipita mtaani hata kuku wananisema! Nikifa leo, kaka, jeneza langu mtalipigia miluzi!"

Hayo ni maneno ya mdogo wake marehemu, Jumapili tarehe 12 Mei 2024, sebuleni kwa marehemu, chai ikiwa bado ya moto. Marehemu alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anamenya chungwa kwa kile kisu chake cha kukunja, ganda linateremka refu bila kukatika. Ugomvi huo tutaurudia. Nimeanza nao kwa sababu marehemu, shemeji yangu, alishaniambia, "Siku yangu ikifika, wasifu wangu usome wewe. Lakini usinipake rangi." Basi sipaki.

Marehemu, ambaye karibu nyote mnamjua kwa jina la Mzee Nikatie, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga. Baba yake alikuwa seremala. Yeye alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na mdogo wake alifuata miaka saba baadaye. Walilala kitanda kimoja. Mama yao alikuwa akisema yule mkubwa kila asubuhi anamkuta sakafuni, maana mdogo alipenda kujinyoosha. Marehemu alipotimiza miaka kumi, baba yake alimpa kisu cha mfukoni. Wengi wenu mmekishika: mpini wa mti mweusi, chuma chake hakizidi kidole cha kati, hakina springi wala skrubu, ni msumari mmoja tu umekazwa, na ukikifungua kinalia kriii kama mlango wa choo. Baba mtu alimwambia, "Ukimtishia mtu nacho, nitakukata masikio kwa hichohicho." Alikaa nacho miaka hamsini na sita, na masikio yake tunamzika nayo leo yote mawili.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, mwaka 1972. Darasani hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho, lakini penseli za darasa zima zilichongwa na yeye. Mwalimu wa hesabu alimnyang'anya kisu akasema ni silaha. Kesho yake saa ya mapumziko mwalimu akamwita ofisini, akamfungulia droo: "Hebu nimenyee hili chungwa." Ikawa hivyo muhula mzima. Silaha ilikaa kwa mwalimu, kazi ikabaki kwa mwanafunzi. Shemeji alikuwa akisimulia hayo huku anacheka. Mimi nilikuwa sicheki sana, kwa sababu niliona maisha yake yote yamekaa mkao huohuo.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye karakana ya maturubai, ile yenye mlango wa bati la kijani. Alianza kwa kufagia vipande, akapanda cherehani kubwa, mwisho akawa fundi wa kupiga pete za chuma kwenye matundu ya turubai na kukaza kamba. Maturubai yaliyofunika malori ya watu, mahema ya misiba, hata hili lililotufunika leo tusiungue na jua, kuna uwezekano mkubwa limepita mikononi mwake. Huko ndiko alikopata jina. Makasi ya karakana yalifungiwa kabatini, na kuyapata ilikuwa mpaka umtafute mtunza stoo, naye umkute hajasinzia. Kwa hiyo ukumbi mzima ulikuwa unaita: "Mzee, nikatie hapa! Nikatie na huku!" Meneja mwenyewe aliita. Sheria ilisema hakuna kuingia na kisu chako kwenye ukumbi wa mashine, na meneja aliyeisaini hiyo sheria alikuwa anakiazima hichohicho kuchokolea meno.

Mwaka 1988 alimwombea mdogo wake kazi palepale. Alimfundisha kushona, akamfundisha kufunga fundo la lori, akamfundisha kusema "sawa mkuu" hata kama si sawa. Hilo la mwisho mwanafunzi alilishika kuliko mwalimu. Akawa msimamizi wa zamu, kaka mtu bado yuko kwenye pete na kamba.

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 14 Desemba 1985. Mimi sikumtaka. Nilimwona mtu mkimya, na mtu mkimya huwezi kujua anakusengenya saa ngapi. Asubuhi ya harusi zipu ya gauni la dada ikang'ata kitambaa mgongoni, haiendi mbele, hairudi nyuma. Mashangazi wakaipaka sabuni, wakaipaka mshumaa, wakaipaka na matusi. Mwisho akaitwa bwana harusi, kafungwa macho kwa leso ili asimwone mke kabla ya wakati, akaingia akipapasa kama mwizi, akachomeka ncha ya kisu kwenye meno ya zipu, akaisukuma mara moja. Ikafunga. Leso hakuivua. Nikasema moyoni, huyu tumpe.

Dada yangu alikilalamikia kile kisu miaka yote ya ndoa. Kilitoboa kila mfuko wa kulia wa kila suruali. Akachoka kuziba, akaanza kushona mifuko ya turubai ndani ya suruali za kitambaa. "Nimeolewa na lori," alikuwa akisema. Lakini binti yao alipojifungia chumbani akiwa na miaka mitatu, akaangukiwa na komeo, nani aliliinua kwa kuupitisha ule ubapa kwenye ufa wa mlango? Skrubu za miwani ya mama mkwe, miba ya watoto wa mtaa, kamba iliyomnyonga mbuzi wa jirani, pete iliyonasa kwenye kidole kilichovimba cha yule mama wa duka, keki ya harusi ya binti kile kisu cha plastiki cha ukumbi kilipovunjika: yote kile kidude kidogo kama kidole. Watu walikicheka mpaka dakika wanayokihitaji.

Sasa nafika tarehe 19 Juni 2012. Najua kuna wanaotaka niruke.

Saa ya chai, ukumbi ulikuwa na watu wawili tu, marehemu na mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa anasafisha mashine ya kuviringisha maturubai, na alikuwa anaisafisha ikiwa inazunguka, jambo ambalo yeye kama msimamizi alikuwa anawafokea wengine kila siku. Kamba ikamvuta mkono. Swichi kuu ilikuwa ndani ya kisanduku chenye kufuli, ufunguo mfukoni mwa meneja, meneja kwenye chai. Kaka mtu hakukimbilia ufunguo. Alifungua kile kisu, akakiweka kwenye ukingo wa mkanda wa ngozi uliokuwa unaizungusha mashine, akakandamiza. Mkanda ukakatika, ukamchapa usoni, na lile kovu mliloliona kwenye nyusi yake ndilo hilo. Mashine ikasimama. Mkono ukatoka na michubuko, lakini ukatoka.

Jioni ile mdogo mtu alilia jikoni kwa mama yao. Dada yangu alikuwepo, mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe. Alisema, "Mama, kaka kaniokoa mkono. Bila kaka saa hizi mngekuwa mnanilisha." Jikoni alisema.

Ofisini, siku ya tatu, hakusema. Mkanda ulikuwa wa kuagizwa mbali, karakana imesimama, wakubwa wanataka mtu. Akaulizwa mbele ya kaka yake. Akajibu, "Mkono nilikuwa nimeshautoa mwenyewe. Kaka alishikwa na wasiwasi tu, akakata." Marehemu hakubisha. Alituambia baadaye alikuwa anasubiri mdogo wake amwangalie, na mdogo wake alikuwa anaangalia dirisha. Kaka mtu akafukuzwa kazi kwa kuingia na kisu na kuharibu mali, baada ya miaka thelathini na mitatu. Mdogo mtu aliendelea mpaka kustaafu, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuombewa kazi.

Baada ya hapo marehemu aliweka kibao cha kukalia chini ya upenu wa duka la vifaa, akawa anashona mabegi na viatu. Hakumsema mdogo wake kwa mtu. Kwetu sisi alisema neno moja tu, alilirudia miaka yote: "Simdai kitu. Nataka aseme mbele za watu, kama alivyosema jikoni." Wahenga wanasema tenda wema nenda zako. Shemeji alitenda, ila kwenda zake alishindwa. Alikaa pale upenuni akisubiri.

Alianza kukohoa mwaka 2021. Madaktari walisema ni mapafu, vumbi la turubai la miaka mingi. Alipolazwa mara ya mwisho, mlinzi wa getini alimpokonya kisu. Siku ya pili muuguzi anatafuta cha kukatia plasta, makasi ya wodi hayaonekani, marehemu anamnong'oneza, "Nenda getini, mwambie akupe cha Mzee Nikatie." Kikaletwa na mlinzi mwenyewe kwenye sahani, kama chakula cha mgonjwa. Hakikurudi getini tena. Alifariki Jumamosi tarehe 3 Agosti 2024, alfajiri, dada yangu akiwa amemshika mkono. Kisu kilikuwa chini ya mto.

Juzi mdogo wa marehemu alimwomba dada yangu kile kisu, eti ni kumbukumbu ya baba yao. Dada alimjibu, "Chako, shemeji. Utakikuta mezani mbele ya jeneza. Ukishasema, kichukue. Usiposema, kinaingia na mwenyewe." Mnakiona pale, karibu na maua. Na ratiba mnayo mkononi: baada ya wasifu huu ni salamu za familia, zitatolewa na mdogo wa marehemu. Nafasi ni yako, bwana mdogo. Kipaza sauti hiki kinafanya kazi, nimekijaribu mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, kijana mmoja, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja, mwenye mikono yote miwili. Mungu amlaze panapo amani, asisikie tena mtu akiita "nikatie."

Namalizia ule ugomvi wa Jumapili, niliahidi.

Mdogo mtu alikuwa amekuja na boksi la sabuni na sukari, limefungwa kamba ya katani fundo juu ya fundo. Anagomba huku analivuta fundo kwa kucha.

"Ningesema kweli tungefukuzwa wote wawili! Watoto wangu walikuwa shule! Hebu niambie leo, mbele ya mkeo na huyu shemeji yako mwenye mdomo: ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Marehemu aliendelea na chungwa lake. Mdogo mtu akalitia fundo meno. Halikufunguka. Akatema nyuzi, akalisukuma boksi mbele.

"Kaka, nikatie hapa."

Marehemu alipangusa kisu kwenye suruali, akakata ile kamba mara moja. Akagawa chungwa, nusu akaiweka juu ya boksi. Akakunja kisu, kriii, akakitia kwenye mfuko wake wa turubai, akashika fremu ya mlango, akainuka.

"Kaka! Si nakuuliza?"

Akatoka. Alipita chini ya kamba ya nguo, akainua shuka lililoanikwa kwa mkono mmoja, likashuka nyuma yake, tukawa tunasikia ndala zake tu zikielekea getini.