Machungwa ya Mkaguzi

Mpishi wa shule alipanda basi kwenda ofisi ya elimu, kueleza kwa nini asifukuzwe kazi. Jirani yake wa kiti, bwana mwenye tai, aliisoma barua yake ya onyo bila haya.

“Mama, kumbe uliyagawa machungwa kabla ya ukaguzi?”

“Niliwapa watoto. Kwani yalikuwa ya nani?”

“Mwongozo wa lishe unataka mkaguzi aone tunda mezani.”

“Aone! Mwaka jana aliyaona, akayapiga picha, akatia saini kwamba tumefaulu. Alipotoa mguu tu, mwalimu mkuu akayarudisha dukani. Safari hii niliyakata asubuhi na mapema, kila mtoto nusu.”

“Na shule imeanguka.” Bwana alinyoosha tai. “Fomu ile ya ukaguzi niliiandaa mimi. Kurasa kumi na nne.”

Mpishi alimtazama juu mpaka chini. Kitambi kile hakikujua kukosa chai ya asubuhi.

“Kurasa zote hizo, baba, kuna mahali panapouliza kama mtoto amekula?”

Bwana alifungua mkoba, akaanza kupekua. Basi liliposimama mbele ya ofisi alikuwa bado anapekua, na mpishi akaivuka miguu yake, akashuka.