Gari la Nazakat Litalala Wapi Siku Kumi

Benchi letu liko mbele ya jiko la chai la Siraj, Mughalpura, Lahore, na asubuhi ile lilikuwa halikaliki. Amu Nazakat, anayepeleka watoto wa mtaa shule kwa kigari chake cheupe, alikuwa anaruka saa tisa alasiri kwenda Maskati. Binti yake Rukhsar anapasuliwa tumbo kesho yake, na kule hana mtu. Tiketi ilikwangua pesa zote, zikabaki za dawa tu. Kuliacha gari uwanja wa ndege siku kumi kungekula nusu ya dawa hizo. Siku ya tatu hiyo Amu anatuuliza afanyeje. Anakaa, anasimama, anaangalia saa, anakaa tena. Nasi, na akili zetu hizi, tunamshauri.

— Ukumbi wa harusi wa barabara ya uwanjani, akasema Kapteni, aliyefagia uwanja wa ndege miaka sita na kupata cheo hicho hapa hapa benchini. Funga maua ya njano kwenye boneti, ingia, paki. Mlinzi atajua ni gari la bwana harusi.

— Siku kumi, Kapteni?

— Mwezi huu harusi haziishi. Hii ikitoka, ile inaingia. Nani atakuuliza?

— Na maua yakikauka? Siraj akauliza, huku anamimina.

— Watasema ndoa ina matatizo.

Tukacheka. Amu Nazakat hakucheka. Aliangalia saa.

— Achana na huyo, akasema Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Ng'oa gurudumu moja. Gari lenye magurudumu matatu halijapaki, limeharibika. Nani anatoza ada ya kuharibika?

— Gurudumu nitaliweka wapi?

— Utasafiri nalo.

— Wakili, mimi naenda hospitali.

— Basi waambie ni mto wa kulalia mgonjwa. Unataka kuokoa pesa au hutaki?

Kapteni akamwambia aache masihara, mtu ana mgonjwa. Wakili akamjibu kwamba masihara ni maua ya njano. Wakabishana, chai ikapoa, Siraj akaipasha moto tena. Hata mimi sikukaa kimya. Nilisema alipeleke hospitali kubwa, aegeshe pale na kuacha buibui kiti cha nyuma, wadhani mgonjwa bado yuko wodini. Nilijiona nimesema jambo la maana.

— Mnahangaika bure, akasema Siraj. Nenda polisi, ripoti kwamba gari limeibwa. Kisha liache nje ya kituo chao. Watalikuta, watalitia ndani ya ua wao. Siku kumi, ulinzi wa bunduki, bure.

— Na wakizunguka nalo mjini?

— Afadhali. Betri haitalala.

— Siraj, we mtu hatari, akasema Wakili kwa wivu kabisa.

Saa nne na nusu. Amu alikuwa amesimama, funguo mkononi, begi moja miguuni. Macho yake yalipita kwetu, mmoja mmoja, yakarudi kwenye saa.

Hapo ndipo alipofika Shamroz, kijana kutoka Peshawar aliyepanga chumba cha juu wiki hiyo hiyo. Akaomba chai, akasikiliza kidogo.

— Samahani wazee, sijaelewa. Gari linabaki uwanjani kwa nini? Kwani nani anamsindikiza Amu, amrudishie gari huku mtaani?

Siraj aliacha kukoroga. Mtoto wa Kapteni alipokwenda Doha tulijaza magari matatu kumsindikiza, na moja aliliendesha Nazakat, kwenda na kurudi. Wakili ana leseni. Kapteni anayo. Mimi ninayo, na siku ile sikuwa na kazi yoyote.

Kapteni alikohoa. Wakili alishika glasi yake tupu akainywa.

— Wana shughuli zao, Amu Nazakat akamjibu kijana kwa upole, halafu akainama kuchukua begi.

Nikaelewa alichokuwa anatuuliza siku tatu zile. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikashindwa kumtazama. Akatuaga mmoja mmoja, akatuomba tumwombee Rukhsar. Alipowasha gari, sote wanne bado tulikuwa tumekaa.