Sista Genoveva na Njia ya Nyuma ya Masieda

Sista Genoveva Kasian anastaafu tarehe 30 Juni 1983, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, kumi na minane kati yake akiwa hapa kwetu Dongobesh. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, dereva wa zahanati, niandike wasifu wake, kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki. Nimeombwa pia niandike kwa ufupi na nisiguse mambo ya ofisi. Hilo la ufupi nitajitahidi.

Sista alizaliwa Ufipa, akasomea uuguzi na ukunga misheni, na aliletwa Basotu miezi michache kabla ya Uhuru. Hakujua hata salamu ya wenyeji. Alikabidhiwa mizani ya kupimia watoto, sanduku la dawa na baiskeli nyeusi ya kiume ambayo mwenzake aliyetangulia alikuwa ameikimbia. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kupanda. Alijifunzia kando ya ziwa, akiwa na gauni la kazi lenye marinda aliyoyashona mwenyewe, na watu wa Basotu bado wanasimulia jinsi ng'ombe walivyoacha kunywa maji ili wamtazame. Miaka minne baadaye, alipohamishiwa kwetu, alikuwa akipanda vilima vya Mbulu na mizani kwenye keria kana kwamba anakwenda dukani kununua chumvi.

Niseme mapema kwamba mimi na baiskeli ile hatukupendana. Mimi nina Landrova, na dereva wa Landrova hapendi kupitwa. Masika ya mwaka wake wa kwanza hapa gari lilizama kwenye tope jeusi hadi mlangoni. Sista akanipita pembeni penye nyasi, akapiga kengele, akaenda zake. Alasiri akirudi alinikuta palepale, akanipa hindi la kuchoma, akaniuliza kwa upole kama nimefika au bado naenda. Tangu siku hiyo tumekuwa marafiki, ingawa ilinichukua muda kukubali.

Mwanzoni Sista alipita barabara kuu kama sisi sote. Milima aliiweza, zilizomshinda ni shikamoo. Huku kwetu mtu hasalimii wazee akiwa juu ya tandiko. Unashuka, unasimama, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani na za mvua, ndipo unapanda tena mpaka kwa mzee anayefuata. Siku ya mnada barabara imejaa wazee, kwa hiyo Sista alikuwa akifika kliniki ya watoto ya Masieda akina mama wameshachoka kusubiri na kwenda zao shambani.

Siku moja breki zilikataa mteremkoni, akampita Mzee Tluway huku akimwamkia kwa mbio. Kesho yake mzee alifika zahanati na fimbo yake, akalalamika kwamba ametupiwa shikamoo kama mfupa. Sista alikwenda hadi kwake akiikokota baiskeli njia nzima, akaomba radhi, na hapohapo akamwuliza kama hakuna njia nyingine isiyo na watu. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kumwonyesha njia ya ng'ombe inayopita nyuma ya kilima mpaka Masieda.

Hiyo ndiyo tunayoiita njia ya nyuma. Inaanzia kwenye mashamba ya maharage na kufuata mgongo wa kilima, na udongo wake umekanyagwa na kwato mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Hakuna gari wala vumbi la gari. Mwezi wa sita, ukungu ukitanda, mtu husikia cheni yake mwenyewe tu. Ukungu ukiinuka unauona mlima Hanang kwa mbali, na chini yako mtama na mahindi. Kuna chemchemi ya kunywa maji, na baada yake mteremko mrefu ambapo Sista, mtu mzima na kofia yake ya kiuguzi, alikuwa akiachia breki na kuinua miguu yote miwili kutoka kwenye pedali. Alidhani hakuna anayemwona. Wachungaji walikuwa wakimsubiri kila Alhamisi.

Na kule nyuma alikuta watu. Kaya baada ya kaya, zilizotawanyika kwenye mabonde ambayo sisi wa barabarani hatukuwa na habari nayo, na watoto ambao hawajawahi kupimwa hata mara moja. Alitafuta njia ya kukwepa wazee akapata wagonjwa wapya. Alifunga mizani kwenye boriti ya nyumba ya kwanza iliyomkaribisha, na Alhamisi ikawa siku ya njia ya nyuma.

Ilipofika Operesheni ya Vijiji mwaka 1974, wengi wa kule juu walihamia kijiji kipya kando ya barabara. Wachache walibaki. Mkuu wa zahanati wa wakati ule, ambaye alishahamishwa zamani, alitoa amri kwamba huduma ni ya wanakijiji, na asiyehamia asifuatwe; akikosa dawa atateremka mwenyewe. Sisi wengine tuliitikia ndiyo mzee. Sista alisimama akasema mtoto wa miezi mitatu hajakataa kuhama, aliyekataa ni baba yake, na yeye hajaletwa Dongobesh kupima akina baba. Siku hiyohiyo baiskeli ilifungiwa stoo.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwa miguu, mizani ameifunga mgongoni kwa kanga kama anayebeba mtoto. Akarudi Ijumaa miguu imevimba. Akaambiwa atahamishwa, akajibu kwamba hadi uhamisho ufike, Alhamisi zitakuwa zimepita kadhaa. Ilinitia uchungu kumwona, na nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha mpaka leo ninapoandika.

Mkuu wetu alikuwa mgeni. Hakujua kwamba huku akina mama wakikaa kikao chao, hata wazee hutafuta mahali pengine pa kupitia. Siku ya kliniki walijaa barazani, wote wa kijiji kipya, watoto mapajani, na hakuna aliyekubali mwanawe atundikwe kwenye mizani. Aliyewasemea ni Ludovika, mke wa fundi cherehani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukandika nyumba yake mpya. Alimwamkia mkuu kwa heshima zote, kisha akamwambia: "Sisi tumehama kama mlivyotaka, mzee. Lakini wadogo zetu bado wako kule juu. Usipowapima wao, na sisi usitupime." Wakaendelea kukaa. Walirudi kesho yake na keshokutwa, watoto wanalia, nepi zinaanikwa kwenye dirisha la ofisi, na kazi haikufanyika. Haikupita wiki stoo ikafunguliwa. Uhamisho wa Sista haukuja. Uliokuja ni wa mkuu.

Nayataja haya kwa sababu yana matunda. Surua ilipopita wilayani miaka mitatu baadaye, watoto wa njia ya nyuma walikuwa wameshachanjwa, chanjo ikiwa imepanda mlima katika chupa ya barafu iliyofungwa kwenye keria. Hatukuzika hata mmoja kutoka kule. Na tangu vita viishe na petroli kuwa ya kubahatisha, Landrova yangu imekaa chini ya mti mpaka kuku wa mlinzi ameangulia vifaranga kwenye kiti changu, nami nimekuwa fundi wa kuziba pancha. Baiskeli ya Sista haijakosa Alhamisi.

Sasa nifike pale nilipoombwa nisifike. Tumetangaziwa na ofisi kwamba kuanzia tarehe 1 Julai safari ya njia ya nyuma inafutwa, baiskeli irudishwe stoo, na akina mama wa kule juu wateremke kusubiri gari barabarani. Gari lenyewe ni hili langu, na anayelijua kuliko mimi ajitokeze. Mama aliyejifungua juzi ateremke kilima kizima, akae kando ya barabara na kichanga chake, amsubiri kuku atage? Sista alipolisikia alienda kumtafuta Mwantumu, muuguzi wetu mpya kutoka Katesh, binti wa mwenye duka ambaye hajawahi kugusa usukani wa baiskeli, akawa akimpeleka kila jioni kwenye uwanja wa shule kujifunza. Mwantumu ameanguka mara nyingi na ana makovu ya kuonyesha. Alhamisi iliyopita walikwenda pamoja, Mwantumu akiwa kwenye baiskeli na Sista akimfuata kwa ile niliyoiazima kwa katekista. Nilikwenda nao kwa miguu mpaka kwenye chemchemi, mbavu zikanishinda. Niliwaona wakiteremka ule mteremko mrefu, na miguu iliyoinuliwa juu ilikuwa minne.

Kwa hiyo wahusika wasome vizuri hapa. Baiskeli haijarudi stoo na haitarudi. Wafanyakazi wote wa zahanati, kuanzia mganga hadi mlinzi, tumekubaliana kwamba Mwantumu atapanda kila Alhamisi, na zamu yake ya wodi tutagawana. Landrova ikipata petroli nitaendesha, ila haitakuwa kisingizio cha kuwaacha watu.

Sista Genoveva, umetuzalishia wake zetu, umetuchanjia watoto, umetufundisha kukataa kwa adabu, na inapobidi, bila adabu. Tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda Ufipa ukapumzike, upande mbegu unazozipenda, uamkiwe na wewe sasa hadi uchoke. Mungu akupe afya na siku nyingi za amani. Kule juu wamekwishaambiwa kwamba muuguzi anakuja kama kawaida, na kama kuna mtu wa kuulizwa kwa jambo hilo, asiulizwe Mwantumu. Aulizwe aliyeandika hapa.

Ayubu Hamis,
dereva.