Bati Jekundu la Bi Kahawa

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali, nje ya geti la kiwanda cha mbao. Saa nne asubuhi king'ora kikilia, tunatoka na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, tunamkuta Bi Kahawa na jiko lake la mkaa, amelikinga upepo kwa bati nene jekundu lililopinda. Jana hatukunywa. Jana msumeno mkubwa ulimkata Pima vidole viwili, Pima huyohuyo tuliyempa jina hilo kwa sababu hupima ubao mara tatu kabla ya kuukata mara moja. Leo msimamizi ametupatia karatasi sisi tuliokuwepo: Profesa, anayesoma kila gazeti la kufungia misumari, Breki, mwendesha winchi ambaye mdomo wake ndio hauna breki, na mimi, fundi mitambo. Tutie sahihi kwamba Pima aliumia kwa uzembe wake, ili afukuzwe. King'ora cha kurudi kikilia anaitaka.

— Mimi sisaini, Breki akaanza. Kalamu yangu imegoma.

— Lakini sababu lazima iwepo, Profesa akasema. Pima alivaa shati jekundu. Chuma kikiona nyekundu kinapandwa na mori.

— Huyo ni fahali, Profesa, siyo msumeno! Breki akamkatiza.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lipi? Kakatika vidole. Tena la mkuu alilisikia! Nani aliyemwambia aongeze mwendo?

Hapo nikadakia, maana mazungumzo yalikuwa yanaelekea nisikotaka.

— Tatizo ni umeme, jamani. Umeme wa Jumatatu una hasira. Jumapili nzima umelala, ukiamshwa hautambui rafiki.

— Jana ilikuwa Jumanne, Bi Kahawa akasema huku anamimina.

— Basi ulichelewa kuamka.

— Acheni hizo, Breki akasema. Mashine ile imetoka ng'ambo. Huko watu wana vidole kama mipini ya nyundo. Ikikutana na hivi vyetu inadhani ni vijiti, inapitisha tu.

— Hata hivyo tusikate tamaa, Profesa akasema. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenzetu amebaki na vinane.

— Nenda kamwambie mkewe hivyo, Bi Kahawa akamjibu. Nenda sasa hivi.

Profesa akanywa kahawa yake bila kuinua macho. Breki akaikunjua karatasi, akasoma mstari wa mwisho kwa sauti ya msimamizi: "Hata hivyo, ajali haina kinga."

— Sisaini! Anifukuze na mimi. Winchi ataiendesha kwa methali.

— Mimi nina watoto wanne, Profesa akasema polepole.

— Pima anao wangapi?

— Watano.

— Umejijibu.

Profesa akaweka kikombe chini.

— Basi na mimi sisaini. Ila wakituuliza sababu, tunasema nini? Shati?

Mwanamke mmoja akatokea getini, amevaa ovaroli, begi la zana begani.

— Hamjambo, jamani? Nimeitwa kushika msumeno mkubwa, nafasi ya yule aliyeumia.

— Karibu dada, kaa upate kahawa.

— Asante. Nimetoka kuutazama. Kifuniko chake kiko wapi?

Breki akakuna kichwa.

— Kile cha juu ya meno, akasema. Matundu ya bolti nimeyaona. Kimefunguliwa na mtu anayejua kazi. Kiko wapi?

Anayejua kazi ni mimi. Mwaka jana msimamizi alisema kifuniko kinachelewesha mbao nene. Nikashika spana namba kumi na tatu nikakifungua, sikubisha hata neno moja. Kisha nikampelekea Bi Kahawa akingie jiko lake, nikajiona mtu mwema kweli. Nikainua kidole, changu kizima, nikaonyesha bati jekundu.

Bi Kahawa akaipua birika. Akalichomoa bati kwa kitambaa, akaliweka miguuni pangu, na upepo ukapeperusha majivu hadi kwenye vikombe.

— Kumbe mwaka mzima kilichokuwa salama ni kahawa yangu, akasema.

Aibu ilinichoma kuliko lile bati. Nikamnyang'anya Breki karatasi, nikaigeuza, nyuma palikuwa peupe. Nikaandika: "Kifuniko cha msumeno nilikifungua mimi, kwa amri ya msimamizi. Pima hana kosa. Hakipasuliwi wala hakikatwi kitu hapa mpaka kirudi." Nikatia sahihi. Breki akatia yake, kalamu haikugoma. Profesa alisoma mara tatu, kama Pima, ndipo akatia.

King'ora kikalia. Hakuna aliyeinuka. Yule dada akaketi kati yetu, begi magotini.

Msimamizi akachungulia getini.

— Vipi, mmesaini?

— Tumesaini, bosi, Breki akamjibu. Wote watatu. Ila uigeuze.